Deni Halihami Mji

Wasikilizaji wa Tenke, mchuuzi aliyekopa benki Kolwezi akahamia Likasi bila kulipa, hajalikimbia deni. Benki Kuu ya Kongo ina daftari liitwalo Centrale des risques. Benki hupeleka humo habari za wakopaji wao, na benki nyingine huweza kuuliza humo kabla ya kukopesha.

Kuhama hakufuti deni.

Huko Kenya, Novemba 2022, Benki Kuu ilitangaza mpango: waliokwama na mikopo ya simu wasamehewe angalau nusu, kilichobaki wakilipe kwa miezi sita. Hapa kwetu, anayedaiwa asikae akingoja bahati kama hiyo.

Umekwama? Nenda benki mapema, kabla hawajakutafuta. Omba malipo yagawanywe upya. Ukimaliza, dai karatasi yenye muhuri inayosema deni limekwisha, kisha waombe warekebishe habari zako kule Benki Kuu. Karatasi hiyo usiitupe!

Halafu anza na mkopo mdogo, ulipe kwa siku iliyopangwa. Likelemba, yaani kuchangishana fedha kwa zamu, ni nzuri, inasomesha watoto wengi, lakini benki haiioni. Inachokiona ni mkopo wa benki uliolipwa.