Hati za Dhamana ya Mirathi na Habari za Koo Zetu

Bwana Rais, na ninyi wenzetu wa kazi mliofika hapa Kibingo,

Mmetutaka tuseme machache juu ya kutafuta habari za wazee wetu. Wengi wetu twadhani ya kuwa habari hizo zimo vinywani mwa wazee tu. Lakini zimo pia katika karatasi ambayo sisi makarani huipiga muhuri bila kuisoma, yaani hati ya dhamana ya msimamizi wa mirathi.

Mtu akifa bila wasia, msimamizi huahidi kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Asipotimiza, yeye na wadhamini wake hulipa. Uingereza iliagiza hivyo kwa sheria ya mwaka 1670, na sehemu ya kwanza ya hati zao iliandikwa Kilatini hadi 1733. Watafutaji wa huko wana taabu kuliko sisi. Kwetu sharti hilo limo katika Sura ya 352, na Mahakama ya Mwanzo nayo yaweza kudai dhamana.

Yatazameni sana majina ya wadhamini. Nani atakubali kulipishwa kwa ajili ya mtu asiyemjua? Mara nyingi ni mjomba, shemeji, au jirani wa kibanja. Andikeni jina, kijiji, na kama alitia sahihi au dole gumba. Tarehe ya hati si siku ya kifo. Yaonyesha tu ya kuwa marehemu alikuwa amekwisha kufa. Wala kiasi cha fedha si lazima kiwe thamani ya mali: Uingereza kwa kawaida kiliandikwa mara mbili.

Kisha someni muhtasari wa kikao cha ukoo, na Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni.

Juu ya wanawake, jihadharini. Kanuni za urithi za mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu, na binti wa Kihaya hakuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo hata Mahakama Kuu ya Mwanza ilipoamua shauri la Bibi Holaria Pastory mwaka 1990. Basi binti asiyetajwa jaladani asidhaniwe kwamba hakuzaliwa. Waulizeni shangazi zenu wangali hai.

Tena Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na zamani za Waingereza Karagwe yote ilikuwa chini ya Boma la Bukoba. Jalada la Kibingo litafuteni kwa majina hayo. Na ninyi wenye funguo za ghala, twawaomba myainue majalada kutoka sakafuni kabla ya masika, maana mchwa hawangoji ruhusa.