Msambu, Mti wa Mafuta: Mazungumzo kwa Wakulima wa Usambara Mashariki



Leo nataka kusema nanyi juu ya mti ambao kila mtu wa milima hii anaujua, na ambao wengi huukata bila kufikiri mara mbili. Mti huo ni msambu. Mahali pengine huitwa mkanyi. Wataalamu wa mimea huuita Allanblackia stuhlmannii, kwa heshima ya Allan Black, aliyetunza mimea mikavu huko Kew, Uingereza, na ya Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kituo cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Majina hayo hayatakuongezea mavuno, basi tuutazame mti wenyewe.

Msambu hauoti porini katika nchi nyingine yo yote. Ni mti wa Tanzania tu, tena wa milima yenye mvua: Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa. Hupenda mahali penye ukungu na mvua isiyokatika kwa muda mrefu, hasa kati ya mita 800 na 1600 juu ya bahari. Mtu wa tambarare za Muheza asijisumbue kuupanda. Majani yake ni mazito, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na hayapukutiki yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mti hubaki kijani mwaka mzima. Shina hunyoka na kufika mita 30 na zaidi. Mche wake huvumilia kivuli, ndiyo sababu waweza kuukuta umeota wenyewe katikati ya iliki yako.

Tunda lake hamna haja ya kuelezwa. Ni kubwa, rangi ya udongo, na likikuangukia kichwani huna pa kushtaki. Ndani mna mbegu nyingi zilizopangwa katika ute. Zaidi ya nusu ya mbegu kavu ni mafuta, nayo huganda kama samli hata siku ya joto. Wazee walizitwanga, wakachemsha unga wake katika maji, wakaengua mafuta ya kupikia na ya kupaka. Siku hizi viwanda vinayatafuta kwa majarini na sabuni. Shirika la usalama wa chakula la Ulaya liliyachunguza, na mwaka 2007 likasema yanafaa kutiwa katika majarini. Basi mbegu ambayo zamani iliachiwa panya buku sasa ina bei.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Msambu ni kama mpapai: kuna mti dume na mti jike. Dume hutoa maua lakini halizai hata tunda moja. Mkulima akiona mti umesimama shambani miaka ishirini bila kuzaa, huchukua shoka. Jirani yake naye hufanya hivyo hivyo. Baada ya miaka michache majike yanachanua vizuri lakini matunda ni haba, na watu wanasema mvua imebadilika au kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu ila ule ulioshika shoka. Ua la jike lisipopata chavua ya dume halifanyi tunda. Kabla ya kukata, zunguka na jirani zako wakati wa maua, mhesabu madume yaliyobaki katika mashamba yenu, mkubaliane yapi yatasimama. Dume likiwa kwa jirani linakufaa wewe pia, kwa hiyo si haki yeye peke yake abebe hasara ya nafasi. Mpunguzieni kwa njia mnayoona inafaa.

Kupanda misambu kunataka uvumilivu kuliko zao lo lote ninalolijua. Mbegu ikitiwa ardhini kama ilivyo, yaweza kukaa miezi sita, au mwaka mmoja na nusu, bila kuchipua. Wengi hukata tamaa wakapalilia kitalu na kuitupa ikiwa bado hai. Chagua mbegu mbichi za tunda lililoanguka lenyewe. Zile ulizoanika juani kwa ajili ya kuuza zimekufa, hazifai kupandwa. Menya ganda gumu polepole kwa kisu kidogo, usijeruhi kiini, kisha uzifukie katika mchanga wenye unyevu, mahali penye kivuli. Kumenya huko hupunguza sana muda wa kungoja. Funika kwa wavu wa waya, maana panya buku ana pua kali kuliko mlinzi ye yote.

Mche wa mbegu huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa, na mpaka uchanue hutajua kama ni dume au jike. Dawa yake ni kubebesha. Kata kikonyo chenye afya kutoka jike linalozaa sana, ukipachike kwenye mche mchanga, ufunge imara kwa utepe wa plastiki na kukinga jua. Mti huo utakuwa jike bila shaka, na utazaa miaka kadhaa mapema. Vikonyo vingine vitakauka. Bebesha mingi kuliko unayohitaji. Na ubebeshe michache kwa vikonyo vya dume, usije ukajenga shamba la wajane.

Panda miche shambani mwanzoni mwa mvua, chini ya kivuli chepesi cha migomba au miti mingine. Iliki, mdalasini na pilipili manga hukaa vizuri karibu nayo.

Kuhusu mavuno ni machache ya kusema. Usipande juu kuangua. Tunda likiwa tayari huanguka. Kusanya katika shamba lako. Ndani ya Hifadhi Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, usiingie kuokota bila ruhusa ya wasimamizi. Wala usiokote hadi tunda la mwisho: achia wanyama kidogo, kwa kuwa panya buku huyo huyo tunayemlaani ndiye huzika mbegu na kuzisahau. Lundika matunda kivulini chini ya majani mpaka yalainike, yapasue kwa mkono, sugua mbegu zitoke katika ute, kisha zianike juu ya chanja, si juu ya udongo. Zigeuze kila siku. Mbegu zenye ukungu mafuta yake huchacha, na mnunuzi akipata chache katika gunia ana sababu ya kushusha bei ya gunia zima. Pasua mbegu mbili tatu kabla ya kupeleka sokoni, utazame ndani.