Tovuti ya Kikundi Ifunguke kwa Simu ya Mwanachama

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kijamii, Kapsokwony



Tovuti za baadhi ya vikundi zina picha nzito zinazokula data, na nambari ya mweka hazina aliyeondoka zamani. Mwanachama akituma mchango kwa nambari hiyo, pesa zimepotea.

Mnapoitengeneza upya, zingatieni mambo matatu. Kwanza, ukurasa wa mbele uonyeshe kazi ya kikundi, siku na mahali pa mkutano, na nambari ya sasa ya kulipia. Picha zipunguzwe. Pili, anwani ya tovuti, kama ile inayoishia na .or.ke, iandikishwe kwa jina la kikundi, si la kijana aliyewatengenezea. Nywila ijulikane na viongozi wawili. Tatu, ondoeni orodha zenye nambari za vitambulisho vya wanachama. Habari hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombeni mama anayeuza viazi sokoni aifungue tovuti kwa simu yake. Akiiona siku ya mkutano bila kumuuliza mtu, kazi imekamilika.