Kusoma Picha ya Kifua



Mtoto anayejifunza kusoma huona herufi mbili za mwanzo, akabuni neno zima. Ameona "ma", asema "mama", kumbe imeandikwa "maji". Kosa hilo hilo huwapata wanafunzi wa udaktari wanapoanza kusoma picha za eksirei, wala hapo si jambo la kuchekwa.

Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, Mjerumani, mwaka 1895. Wakati huo Adrien Atiman, ambaye hospitali moja ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, alikuwa amekwisha kutibu watu Karema miaka sita pasipo picha ya namna hiyo. Hewa huipisha mionzi, kwa hiyo mapafu huonekana meusi. Mfupa huizuia, nao huonekana mweupe.

Mwalimu mwema hamruhusu mwanafunzi kutaja ugonjwa kwanza. Asome jina na tarehe, atazame alama ya upande, maana mkono wa kuume wa mgonjwa huwa kushoto kwa atazamaye. Ahesabu mbavu, ajue kama mgonjwa alivuta pumzi sawasawa. Pumzi ikiwa fupi, moyo huonekana mkubwa bure. Kisha afuate njia ya pumzi, na moyo, ambao kwa mtu mzima haupasi kuzidi nusu ya upana wa kifua, na pembe za chini ambako maji hukusanyika. Hata hapo hajamaliza. Juu, nyuma ya mitulinga, ndipo kifua kikuu hujificha mara nyingi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikohoa tangu mavuno ya ulezi. Picha ikapigwa, aliyeisoma akaona moyo ni mzima, akamrudisha bwenini. Baada ya miezi miwili daktari kijana, mgeni huku Ufipa, akaitwaa picha ile ile, akaweka kidole juu ya mtulinga wa kuume. Palikuwa na wingu jeupe, dogo kama punje ya hindi. Picha peke yake haithibitishi, basi makohozi yakapimwa, na vijidudu vikaonekana.

Kijana alipona kwa dawa za miezi sita. Lakini wenzake wote waliolala chumba kimoja naye ikawapasa kupimwa, na wawili wakakutwa nao wanaugua.