Saba Saba ni ya nani? Kibali, taarifa na haki ya kukutana

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama wa Bukoba na Muleba, tulipokutana Muleba kuelekea Saba Saba. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza vicheko tu.

 

Nimepewa robo saa nizungumzie Saba Saba. Ukimuuliza mtoto wa shule hapa Muleba Saba Saba ni nini, atakwambia ni siku ya mapumziko, na kule Dar es Salaam kuna maonesho ya biashara. Hajakosea. Lakini tarehe 7 Julai imebeba mambo mengine mazito, tena siyo ya mwaka mmoja. Na nikiyapanga yote pamoja naona yanauliza swali lile lile: watu wakitaka kukutana wazungumze mambo yao, ruhusa inatoka kwa nani?

Tuanze na mwaka 1954. Tarehe 7 Julai, wajumbe wa TAA walikuwa mkutanoni Dar es Salaam. Wakakigeuza chama chao kuwa TANU, Mwalimu Nyerere akiwa rais wake. Kwa hiyo kabla ya maonesho na mabanda, Saba Saba ni kumbukumbu ya watu waliokutana. Hicho tu. Walikaa, wakazungumza, wakaamua.

Mkoloni akaelewa haraka hatari iko wapi. Hakukimbilia kukataza mawazo, maana mawazo hayakamatiki. Alikwenda kwenye usajili na mikutano. Kule Usukumani alikataa kusajili matawi ya TANU, na zuio lile lilidumu mpaka 1958. Mwaka 1957 Mwalimu mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Kosa lake? Uchochezi. Naona wengine mnatabasamu, neno hilo mmelisikia juzi juzi.

Na sisi wa huku, waitu, hatukuwa watazamaji. Mwaka 1937, miaka 17 kabla ya TANU, wakulima wa kahawa wa Buhaya walizikataa kanuni za kilimo walizoletewa na serikali ya kikoloni, na Bukoba ikachafuka. Klemens Kiiza alikuwa ameshawaunganisha wakulima kwenye chama chao wenyewe ili wauze kahawa yao bila kupitia mikono ya watu wengine. Baadaye akaja Ali Migeyo, akazunguka Buhaya, Kamachumu ikiwemo, akiwaandaa watu kwa TAA na kisha TANU. Wakoloni walimfunga. Gelase Mutahaba aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake, kikatoka 1969. Kijana wa Kamachumu ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, leo nakupa kazi: nenda kamuulize babu.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 2A. Kenneth Matiba na Charles Rubia wakaitisha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Wakachagua tarehe 7 Julai. Serikali ikasema hakuna kibali. Siku tatu kabla, wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Watu wakaenda Kamukunji hivyo hivyo. Polisi wakawapiga, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 20 wakafa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena. Desemba 1991 kile kifungu cha 2A kikafutwa. Na leo Mkenya akisema "tuna kamukunji" anamaanisha mkutano wa watu kujadili jambo lao. Jina la uwanja limegeuka kuwa jina la haki.

Tarehe ile ile, mwaka 2022, dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO waliichagua 7 Julai kwa sababu ya ile siku ya 1954, TANU ilipokichukua Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Hebu litafakarini hilo. Dunia inakiheshimu Kiswahili kwa sababu kilitumika jukwaani. Halafu sisi wenye lugha tunaisherehekea kwa ngonjera ukumbini, na jukwaa lenyewe tunaliombea kibali.

Na tarehe ile ile, mwaka 2025, vijana wa Kenya waliingia barabarani kukumbuka Saba Saba yao. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa siku hiyo. Wengi wa walioandamana hawakuwa wamezaliwa mwaka 1990. Sisemi haya ili tushabikie damu. Nasema kwa sababu swali lisipojibiwa kwa sheria, linarudi tarehe ile ile likiwa na majeneza.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naongea kama mwanafunzi wa sheria. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani. Zamani sheria ya polisi ilidai kibali. Mchungaji Christopher Mtikila akaenda Mahakama Kuu kwa kesi ya mwaka 1993, na Jaji Lugakingira akasema sharti lile la kibali linavunja Katiba. Sheria iliyopo leo, kifungu cha 43, inataka taarifa. Taarifa, siyo kibali!

Tofauti yake nini? Ukioza mtoto, unamtaarifu mwenyekiti wa kitongoji kwamba Jumamosi kutakuwa na ngoma na magari mengi. Humwombi ruhusa ya mwanao kuoa. Ni hivyo tu.

Polisi anaweza kuzuia, ndiyo, lakini lazima aridhike kwamba mkutano huo utavunja amani, utahatarisha usalama au una lengo lisilo halali. Kifungu kinazungumzia mkutano fulani, mahali fulani, saa fulani. Ndiyo maana ile marufuku ya mikutano ya hadhara ya nchi nzima, iliyoanza 2016 na kuondolewa na Rais Samia tarehe 3 Januari 2023, mimi siioni ndani ya kifungu hiki hata nikikisoma kwa kurunzi. Na kitu kilichoondolewa kwa tamko kinaweza kurudi kwa tamko. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu.

Lakini na sisi tujisahihishe. Nimeona barua ya vijana wetu wa kata moja, sitaitaja, imeandikwa juu: "YAH: OMBI LA KIBALI CHA MKUTANO." Jamani! Ukiomba kibali umeshamkabidhi mtu haki ya kukunyima. Andika hivi: "YAH: TAARIFA YA MKUTANO WA HADHARA." Taja mahali, saa na madhumuni. Ipeleke kwa mkuu wa polisi wa eneo lenu si chini ya saa 48 kabla. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe na saa viandikwe. Wakizuia, ombeni zuio kwa maandishi na sababu zake. Msikubali "nimeambiwa kwa simu". Rufaa inakwenda kwa Waziri, naye ni mwanasiasa, na hilo ni tatizo ambalo Katiba mpya inapaswa kulitibu. Lakini karatasi yenye muhuri ni ushahidi, na mahakamani hatuendi na hasira, tunaenda na ushahidi.

Chama tawala kinasema ndicho mrithi wa TANU. Sawa, sigombanii urithi wa majengo. Urithi wa Saba Saba ni ule mkutano wenyewe, na huo ni wa kila Mtanzania mwenye jambo la kusema, awe wa kijani au wa rangi yoyote.

Kabla hatujaondoka, kila kata ichukue nakala ya mfano wa barua pale mezani kwa katibu. Anayetaka kuuliza kuhusu kifungu cha 43, nipo mpaka saa kumi na moja.