Mtungi Begani, Bahari kwa Wengine

Wasikilizaji wetu, habari mnayo. Wiki nzima mmelisikia tangazo la chama cha wafanyabiashara wa kuzamia: wajumbe wamerudi kutoka maonyesho ya Ulaya, picha wamepiga, makubaliano wametia saini, na visiwa vyetu, kwa maneno yao, vimetangazika. Wanaowaunga mkono wanapiga makofi. Wasiowapenda wanadai safari ilikuwa ya matembezi. Sisi ushahidi wa matembezi hatuna, wala si hilo linalotukera. Linalotukera ni swali ambalo wiki nzima hatukusikia likiulizwa: huu mchezo wa kuzamia umetangazwa kwa nani?

Umetangazwa kwa wanaoujua. Mwenye boti kamtangazia mwenye hoteli, mwenye hoteli kamtangazia wakala, wakala kamtangazia mgeni ambaye cheti cha kuzamia anacho mfukoni toka zamani. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mteja ni yule yule. Mwaka jana kazamia Bahari ya Shamu, mwaka huu tumemvuta kwetu Mnemba, mwakani wenzetu wa Maldives watamvuta kwao. Huko ni kunyang'anyana wageni. Mchezo wenyewe haujaongeza mtu hata mmoja.

Na gonjwa hili halikuanzia kwetu. Marekani kuna DEMA, chama cha watengenezaji na wauzaji wa zana za kuzamia, chenye umri wa zaidi ya nusu karne. Maonyesho yake ya kila mwaka, mara Orlando, mara Las Vegas, kwa miaka mingi yamekuwa ya watu wa biashara tu; mtu wa mtaani hakuruhusiwa kuingia. Ndani ya ukumbi wauzaji wanauziana, nje ya ukumbi jirani yao hajui hata regulata ya kuvutia hewa ni kitu gani. Sasa tazama Düsseldorf, Ujerumani. Kila Januari kuna maonyesho makubwa ya vyombo na michezo ya maji, na mwenye tiketi yeyote anaingia. Baba anakwenda na mwanawe, na bwawa la kujaribia lipo pale pale. Hapo ndipo mzamiaji mpya anapozaliwa. Chama chetu, kwa mwenendo wake, kimechagua mfano wa kwanza.

Kwa hiyo tunauliza tena: mchezo huu umetangazwa kwa nani?

Nenda Nungwi asubuhi, maji yakiwa yametoka. Boti imetia nanga mbali kwa sababu pwani ni kavu. Vijana wanapita na maji ya kiunoni, mtungi begani, wanarudi, wanachukua mwengine. Mtungi mmoja ni karibu kilo 15. Kijana anaulaza ndani ya boti, anaufungua kidogo kusikia hewa, anafunga regulata, anatazama geji kama imefika 200. Anajua mgeni gani atataka mapezi makubwa na yupi atasahau miwani yake. Akifika Mnemba anamshika mgeni mkono, mgeni anajirusha kinyumenyume, chubwi, kazama. Kijana anabaki juu anatazama mapovu. Saa nzima anatazama mapovu. Mwamba ule, ulio mbele ya kijiji cha babu yake, anaujua kwa kuhadithiwa na watu wa Milano na Johannesburg.

Mtungi begani, bahari kwa wengine. Tumelisema hili mwaka juzi, tumelisema mwaka jana, na tutalisema mpaka wenye masikio wasikie.

Tuwe waadilifu. Wapo wana wa visiwa hivi waliofika daraja la daivu masta, na wapo mainstrakta ambao wageni huwaulizia kwa majina. Tunajivunia. Lakini waulizeni walifikaje. Tuliozungumza nao wametwambia jibu moja: mwenye duka fulani alinipenda, akanifunza. Hisani ya mtu mmoja. Siku mwenye duka akirudi kwao, hisani inapanda naye ndege. Chama kinafanya nini hapo? Mpango uko wapi? Nafasi za wenyeji ni ngapi? Katika tangazo lote la wiki hii, hata moja haikutajwa.

Na wala kinachotakiwa si kikubwa. Kozi ya mwanzo ni ya siku tatu au nne. Mtoto wa miaka 10 anaruhusiwa. Anatakiwa aogelee mita 200 kwa mwendo wake mwenyewe, aelee dakika kumi, na mtu mzima akifuzu anaweza kushuka hadi mita 18. Kikwazo ni bei, mamia ya dola, na bei hiyo imewekwa kwa ajili ya anayelala hotelini. Lakini masika je? Masika ikiingia hoteli nyingi za ufukweni zinafunga milango, boti zinapandishwa pwani, kompresa zinanyamaza, mainstrakta wanahesabu siku. Zana zipo, walimu wapo, watoto wapo. Kinachokosekana ni nia.

Chumbe walikuwa na nia. Tangu kisiwa kile kilipotangazwa hifadhi mwaka 1994, walinzi wake wametokana na wavuvi waliofunzwa, na wanafunzi wa skuli zetu wamekuwa wakipelekwa, wanavalishwa maboya, wanatazama matumbawe kwa macho yao. Kisiwa kimoja kidogo kimeweza. Chama kizima chenye maduka pwani yote kinashindwa na nini?

Kuna wanaosema kuzamia ni anasa ya wageni, mwenyeji ana shida nyengine. Hasha! Wapo vijana wetu wanaofuata majongoo ya bahari kwa mitungi ya kuazima, hawakufunzwa na mtu. Naitrojeni ya hewa wanayoivuta chini huingia katika damu na nyama. Aliyefunzwa hupanda taratibu, akasita dakika tatu kwenye mita tano, ikatoka kwa pumzi. Asiyefunzwa huibuka mbio, ikageuka mapovu viungoni na kwenye uti wa mgongo, na miguu ikafa. Hiyo nayo ni anasa?

Na kina mama wa mwani? Maji ya pwani yamepata joto, mwani wenye bei unakufa kwenye maji madogo, unataka kina. Kina kinamtaka anayejua kuogelea. Nani kawafunza?

Na Septemba 2011 mmeisahau? MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi, wazamiaji tuliwasubiri kutoka Afrika Kusini. Nchi ya visiwa, iliyozungukwa na maji kila upande, ikisubiri wazamiaji washuke uwanja wa ndege! Hatusemi kozi ya siku nne ingeifikia meli ile. Kina kile na mkondo ule si mchezo. Tunasema kwamba wazamiaji wakubwa hutoka katika wazamiaji wengi, na wengi hutoka katika watoto waliopendezwa na bahari mapema.

Basi chama kisitupimie kazi yake kwa mabango. Kisitupimie kwa picha, wala kwa idadi ya mikono iliyoshikwa huko Ulaya. Kitupimie kwa waliozamia mara yao ya kwanza na wakataka kuzamia tena. Wangapi kutoka Nungwi? Wangapi kutoka Kizimkazi? Wangapi kutoka Makangale, Pemba? Wangapi wasichana?

Wizara ya Uchumi wa Buluu, msiwaachie wafanyabiashara peke yao. Liwekeni sharti hili kwenye leseni: kila duka la kuzamia lifunze wenyeji kila mwaka, kwa idadi inayojulikana na kukaguliwa. Wenye hoteli, mabwawa yenu yamelala masika nzima, yafungueni. Walimu wakuu wa skuli za pwani, andikeni barua, gongeni milango, msingoje kuitwa. Wazazi, msiwazuie mabinti; mavazi ya stara ya kuogelea yapo, na walimu wa kike watapatikana wakitafutwa. Na nyinyi vijana mnaobeba mitungi, usisafirie nyota ya mwenzio: ungana na wenzako, dai kozi kama sehemu ya ujira wako, dai kwa maandishi, dai kila mwezi mpaka upewe!

Na nyinyi viongozi wa chama, mlango wa kituo hiki uko wazi. Njooni na orodha ya majina ya wenyeji mtakaowafunza, nasi tutaisoma hapa hapa hewani, jina baada ya jina. Masika hii, si ijayo.