Mashimo Kwenye Kuta za Vidimbwi: Fuko na Panya Kando ya Ziwa



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu za asubuhi mkapanda mpaka hapa Maseno. Mlituomba tuzungumze juu ya fuko. Tulipoanza kuulizana pale mlangoni, kumbe wengine wana panya, wengine wana kaa, na wote wanasema "fuko". Tuanze hapo basi, maana dawa ya huyu siyo dawa ya yule.

Fuko mwenyewe haachi shimo wazi. Unaona vilima vya udongo laini vimefuatana, na ukifukua unakuta njia imezibwa. Anachimba kwa meno, anaishi peke yake, na chakula chake ni mizizi: mihogo, viazi vitamu, nepia, hata mgomba. Unaona mmea umenyauka, unauvuta, unakuja wote mkononi bila mizizi. Panya shamba ni mwingine. Huyu ana vijishimo vya wazi vya kuingia vidole viwili vitatu, na vijia katikati ya nyasi. Panya buku, yule mkubwa anayebeba chakula mashavuni, shimo lake linaingiza ngumi. (Tumpe heshima yake kidogo: kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Lakini huyo amesoma. Wa kwetu hajasoma.) Na shimo lililo usawa wa maji, lenye tope mdomoni, hilo ni la kaa. Usipoteze mtego wako hapo.

Kwa nini tunajali sana? Shambani, fuko anakula viazi vyako, hasara unaiona kwa macho. Kwenye ukuta wa kidimbwi hasara inakuja usiku. Mnakumbuka mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa vidimbwi, 200 katika kila eneo bunge kati ya yale 140 yaliyochaguliwa, kila kimoja mita za mraba 300. Vingi vya upande wetu vilichimbwa wakati huo au baadaye kwa kuiga. Ukuta ni wa udongo. Njia ya panya inaingia upande wa kavu, inapinda, inafika karibu na maji. Maji yanaanza kupenya kama jasho, halafu yanabeba udongo, shimo linapanuka, na asubuhi mnakuta tope.

Kikundi kimoja tunachokifahamu, upande wa Seme, kilifika mahali pabaya kwa sababu hiyo. Maji yalikuwa yanapungua, na samaki waliotarajiwa wakati wa kuvuna hawakuonekana. Lawama zikamwangukia mzee aliyekuwa analinda usiku. Wakasema anawauzia watu wa barabarani. Michango ya meri-go-raundi ikasimama, na wawili wakaacha kikundi. Mzee yule alikaa miezi bila kusalimiwa na watu wa boma jirani. Kidimbwi kilipokaushwa ili kisafishwe, mdomo wa shimo ulikuwa pale chini ya majani, mpana wa kupitisha samaki. Shimo lilizibwa siku moja. Yale maneno yaliyosemwa juu ya mzee yalichukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, jamani, maji yakipungua zungukeni ukuta kwanza, nje na ndani, kabla ya kutaja jina la mtu.

Sasa kuziba. Wengi wanasukuma jiwe mdomoni na kukanyaga. Hiyo ni kuufunga mlango na kuacha nyumba. Punguzeni maji, fukueni njia yote mpaka mwisho wake, hata ikiwa mita mbili. Halafu rudisheni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15, mshindilie, tabaka lingine, mshindilie. Ukuta juu uwe na upana wa mita moja au zaidi, na maji yasimame sentimita 30 chini ya ukingo. Na tafadhali, tung'oe mihogo na viazi vitamu kwenye kuta! Tunajua ardhi ni kidogo na mama hapendi kuona mahali patupu. Lakini umemwekea fuko meza juu ya nyumba yako. Pandeni nyasi fupi zinazotambaa, mzikate. Panya haogopi maji kama anavyoogopa kutembea mahali peupe.

Kutega, mbinu ya wazee wetu bado ni nzuri. Tafuteni kilima kibichi, chomeni ardhi kwa chuma chembamba mpaka kizame ghafla: hapo ndipo njia ilipo. Fungueni. Fuko hapendi upepo ndani, atarudi kuziba, na kitanzi cha kamba na fimbo iliyopindwa kitamkuta kazini. Anazaa mtoto mmoja au wawili, kwa hiyo kumkamata mmoja mmoja kuna maana, na kumlipa kijana anayejua kutega kwa hesabu ya fuko si pesa ya kutupwa. Panya shamba hamuwezi hivyo. Mimba yake ni siku 23 hivi, na watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Huyo anahitaji majirani wote wafyeke wiki moja, la sivyo unamfukuza kwako aende kwa jirani akarudi Jumapili. Kumwaga maji shimoni, kwenye ukuta wa kidimbwi, ni kumsaidia kazi.

Juu ya sumu tunasema wazi, hatuipendi kando ya maji. Ile ya unga mweusi, zinki fosfaidi, inageuka gesi tumboni na haina dawa ya kuizima. Kuku na mbwa hawachagui. Bundi anayekula panya aliyelewa sumu anaweza kudhurika naye, na bundi mmoja, pamoja na mikosi yote tunayomsingizia, anashinda mitego mingi.

Halafu kuna utupa. Kituo cha utafiti wa kilimo mseto hapa Maseno, miaka ya 1990, kiliupanda pamoja na wakulima wa Vihiga na Siaya ili kurutubisha udongo, na wakulima wengi wanasema unafukuza fuko. Upande shambani kama unataka. Lakini wazee wanajua majani yake yaliponda samaki wangapi mtoni. Usipande juu ya kidimbwi, na majani yake yasianguke majini.

Ziwa nalo hupanda. Mei 2020 lilifikia kile kipimo cha 1964 na kukipita kidogo, na nyumba nyingi za ufukweni zikaingiliwa. Maji yakipanda, panya pia anatafuta pakavu, na pakavu ni kuta zetu na maghala yetu. Yale mafunjo, togo yetu, msiyakate mpaka ukingoni. Mizizi yake inashika ufuo.

Msishike panya kwa mikono mitupu. Mkojo wake kwenye maji na tope unaleta homa inayofanana na malaria, hasa ukiwa na kidonda mguuni. Kule Lushoto, Tanzania, tauni iliyotoka kwa viroboto vya panya iliwapata zaidi ya watu 7,000 kati ya 1980 na 2003. Panya akifa, mzikeni kwa jembe.

Jumamosi tutaanza na vidimbwi viwili vya kule chini, saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na jembe au panga, buti za mpira kwa aliye nazo, na wenye toroli tunaomba watukopeshe. Udongo wa mfinyanzi utachimbwa Ijumaa. Akina mama wa kikundi cha juu wamesema uji ni wao.